Mawese au maji ya Kivu? Namna ya kulinganisha rangi mbili za ukuta kabla hujafungua ndoo

Mama mmoja wa Katindo, hapa Goma, aliniita nimpakie rangi salo yake, yaani sebule. Nilipofika nilikuta nyumba imegawanyika. Yeye alitaka rangi ya mawese, ile ya chungwa iliyoiva inayoelekea kwenye kutu. Papa, mumewe, alitaka buluu ya ziwa. "Kama Kivu saa sita mchana, fundi, si ile ya asubuhi." Walikuwa wamebishana wiki tatu, na ushahidi wa kila mmoja ulikuwa picha ndani ya simu. Nikawaambia: picha haipakwi ukutani. Nipeni siku mbili, na vipande vinne vya tripuleksi, ile plaiwudi.

Siku mbili hizo ndizo nitakazozieleza hapa, maana wengi wetu Goma huziruka, halafu huzilipia baadaye. Mimi mwenyewe nimezilipia. Zamani, bado mgeni wa kazi, nilikubali kupaka nyumba moja ya Himbi njano iliyochaguliwa dukani, chini ya taa nyeupe ya mlangoni. Pale dukani ilikuwa njano ya ndizi mbivu. Ukutani, jua la saa kumi lilipoingia, chumba kizima kikawa kama macho ya mgonjwa wa ini. Mwenye nyumba hakupiga kelele. Alinyamaza tu, akatoka nje. Kuta zote nne nilizirudia kwa mfuko wangu.

Anza na chumba, rangi baadaye

Simama katikati ya chumba, utazame dirisha linaelekea wapi. Hapa Goma hakuna haja ya dira: volkeno ya Nyiragongo iko kaskazini, ziwa liko kusini, Gisenyi mashariki, Sake magharibi. Dirisha la upande wa Gisenyi hupata jua la asubuhi mwaka mzima, la upande wa Sake hupata jua la jioni. Haya mawili ndiyo yenye vituko, kwa sababu jua likiwa chini huwa la rangi ya dhahabu, na huibadilisha rangi yoyote ya ukuta.

Kuhusu kaskazini na kusini, jihadhari na ushauri wa kwenye intaneti unaotoka Ufaransa. Utasoma kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi, kipewe rangi ya moto, na cha kusini kimejaa jua. Kwao ni kweli. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, hata digrii mbili hazifiki. Jua letu hupita karibu na utosi: kuanzia Aprili hadi Septemba huelemea upande wa volkeno, na kuanzia Oktoba hadi Februari huelemea upande wa ziwa. Kwa hiyo dirisha linalotazama Nyiragongo linaweza kuona jua mwezi wa Juni na kulikosa kabisa Desemba. Ukijaribu rangi Julai, kumbuka kwamba mwisho wa mwaka chumba hicho kitakuwa kingine.

Kisha angalia nje ya dirisha. Kama ua wako ni mawe meusi ya lava, mawe hayo humeza mwanga, hayarudishi kitu ndani. Jirani yako mwenye ukuta mweupe mbele ya dirisha lake anapata mwanga mara mbili: wa mbingu na wa ukuta. Na mwenye majani mabichi dirishani ajue kwamba kuta zake nyeupe zitakuwa na ukijani kidogo saa sita mchana. Si kosa la fundi.

Mwisho wa hatua hii, andika vitu ambavyo hutavibadilisha: sakafu, dari, makochi, mapazia. Katika ile salo ya Katindo dari ilikuwa ya tripuleksi iliyopigwa vanishi, nayo vanishi ya miaka huwa na rangi ya asali. Nikaandika kwenye daftari: "dari tayari ni ya chungwa." Neno hilo lilikuja kuamua mambo mengi.

Rangi zinapingana kwa namna gani

Watu wakisema rangi mbili zinapingana, wanafikiria aina tu: nyekundu na kijani, chungwa na buluu. Lakini kuna upinzani wa pili, wa weupe na weusi, yaani rangi ipi ni nyepesi na ipi ni nzito. Na wa tatu, kukolea na kupauka: kijani cha jani la ndizi linalong'aa juani, na kijani cha sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kupikwa. Kwa maoni yangu upinzani wa pili ndio unaotengeneza au kuharibu chumba, na ndio usiotazamwa na mtu.

Kuna jaribio la bure. Weka rangi mbili pamoja, zipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Mawese ya mama na ziwa la papa, zilipogeuzwa, zilikuwa kijivu kilekile, mapacha. Maana yake nini? Zikikutana ukutani hakuna itakayosonga mbele wala kurudi nyuma; pale zinapogusana jicho litaona kama mstari unatetemeka. Kwenye kitenge mtetemo huo ni raha tupu. Kwenye ukuta unaoutazama kila siku ukila chakula, unachosha.

Baadhi ya kadi za rangi huandika namba inayoonyesha mwanga kiasi gani unarudishwa: 0 ni weusi kamili, 100 ni weupe kamili. Ukiikuta, ni msaada mkubwa. Mwongozo wa majengo wa Uingereza huomba tofauti ya pointi 30 hivi kati ya mlango na ukuta ili mtu mwenye macho dhaifu avitofautishe. Kwa rangi mbili za chumba kimoja, nami huanzia hapo. Kadi isipokuwa na namba, kunja macho mpaka uone ukungu: rangi zikiyeyuka kuwa kitu kimoja, hazijatofautiana vya kutosha.

Mbao za majaribio

Usijaribu rangi moja kwa moja juu ya ukuta wa zamani. Najua ndivyo tunavyofanya, kiraka cha ukubwa wa sahani hapa, kingine pale. Tatizo ni kwamba rangi ya kando hudanganya jicho. Mfaransa mmoja mkemia, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa na weusi dhaifu. Alipozipima akakuta nyuzi hazina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu zilifumwa kando ya buluu na zambarau. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma mwenzake upande wa pili. Kiraka chako cha buluu juu ya ukuta wa njano kitaonekana cha buluu zaidi kuliko kitakavyokuwa ukuta mzima ukipakwa.

Chukua tripuleksi au hata katoni ngumu, kipande cha sentimita 60 kwa 60, viwili kwa kila rangi. Paka kwanza nyeupe pande zote, iache ikauke. Kisha paka rangi yako mikono miwili, yaani mara mbili, kwa rulo (rola), si kwa brashi, kwa sababu ukutani utatumia rulo na alama zake hubadilisha namna mwanga unavyoanguka. Acha ukingo mweupe wa vidole viwili kuzunguka kipande. Ukingo huo ndio unaoitenga rangi na ukuta wa zamani.

Sasa subiri. Hapa watu hushindwa. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, kama imetiwa maziwa, na ikikauka huzama. Papa wa Katindo aliitazama buluu yake ikiwa imepakwa dakika kumi, akasema, "Fundi, umenipunja, hii ni ya chumba cha mtoto." Kesho yake asubuhi aliikuta imekuwa nzito kuliko ile ya kwenye simu yake. Usihukumu kitu kabla ya saa 24, na wakati wa mvua ongeza.

Kama nyumba yako ni ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu, chukua kipande cha ubao wenyewe badala ya tripuleksi. Mianya ya mbao hutupa vivuli vya wima, na vivuli hivyo huongeza weusi. Rangi iliyo sawasawa kwenye plasta laini itaonekana nzito zaidi kwenye mbao.

Zizungushe siku nzima

Simamisha vipande wima, kama ukuta ulivyo. Ukivilaza sakafuni vinapokea mwanga wa juu na vitakudanganya. Kimoja cha kila rangi weka ukuta unaotazamana na dirisha, kingine weka ukuta wenye dirisha lenyewe. Huo wa pili ndio wenye giza zaidi chumbani, hata kama watu hudhani kinyume, kwa kuwa mwanga unaingia ukiupa kisogo.

Pita saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi jioni, na saa moja usiku taa zikiwaka. Mara ya tano ni ile isiyoandikwa katika mwongozo wowote wa Ulaya: umeme ukikatika, na chumba kina taa ya sola au tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye glasi. Hiyo nayo ni saa ya maisha yetu. Kila mara andika maneno matatu tu, jinsi unavyoiona rangi, si jinsi unavyotaka iwe.

Daftari la Katindo lilikuwa hivi. Asubuhi, mawese: "tulivu, udongo, safi". Ziwa: "baridi, kijivu kidogo". Saa sita ziwa likachangamka kweli, papa akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Saa kumi, jua la upande wa Sake likaingia, mawese ikawaka. Ikishirikiana na ile dari ya asali, mtu alijiona yuko ndani ya sanduku la machungwa. Mama mwenyewe alicheka, akasema, "Haki ya Mungu, tutapikwa humu."

Usiku ukaleta mengine. Taa yao ilikuwa nyeupe kali. Angalia boksi la taa: namba kama 6500 na herufi K ni mwanga mweupe wenye ubuluu, 2700 ni mwanga wa dhahabu kama wa balbu za zamani. Chini ya 6500 mawese ilipoteza utamu wake, ikawa kama tofali. Nikabadilisha, nikaweka taa ya 2700: mawese ikarudi hai, lakini sasa ziwa likafifia, kijivu cha sambaza, vile visamaki vya ziwa, zilizoanikwa. Taa ni nusu ya rangi. Kabla ya kubadilisha ukuta, nunua taa nyingine. Ni bei ndogo kuliko ndoo.

Na gizani, umeme ulipokatika, nyekundu na chungwa huzama kwanza. Jicho katika mwanga hafifu huona buluu vizuri kuliko nyekundu. Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, aliliona jambo hilo karne ya kumi na tisa akitazama maua alfajiri. Kwenye mwanga wa tochi ya mbali mawese ilikuwa kahawa nyeusi, na ziwa bado lilionekana.

Mweke mtu mbele ya rangi

Salo si duka la picha. Mweke mtu kwenye kiti, kipande nyuma ya kichwa chake, umpige picha. Mama alipokaa mbele ya mawese, uso wake ulipata joto, lakini kitenge chake cha chungwa kilipotea kabisa. Mbele ya ziwa uso ulijitenga vizuri, kitenge kikapiga kelele ya furaha. Picha za harusi, ubatizo, mgeni aliyetoka Kinshasa, zote zitapigwa mbele ya kochi. Basi ukuta wa nyuma ya kochi una haki yake ya pekee.

Hapo ndipo uamuzi ulipojileta. Ziwa lilichukua ukuta mmoja, nyuma ya kochi, unaotazamana na dirisha, mahali penye mwanga wa kulilisha. Mawese tukaitia maji ya weupe: kolorani ileile, yaani rangi nzito ya vichupa ya kuchanganyia, lakini kidogo sana ndani ya nyeupe, mpaka ikawa rangi ya jibini la Masisi. Hiyo ikachukua kuta tatu. Nilipopiga tena picha nyeusi na nyeupe, moja ilikuwa kijivu kizito, nyingine karibu nyeupe. Mama alisema rangi yake imeshinda kwa kuta tatu kwa moja. Papa naye alisema yake ndiyo inayoonekana. Sikutia neno.

Kanuni ninayoifuata ni hii: rangi moja iwe mwenyeji, nyingine mgeni. Nusu kwa nusu ni bendera. Robo kwa robo tatu, au hata chini ya hapo, huacha chumba kikipumua.

Zikutane wapi

Mahali pazuri pa kukutanisha rangi mbili ni kona ya ndani. Mgeni aishie kabisa kwenye kona, asipinde hata sentimita mbili. Kona ya nje, ile inayojitokeza, huliwa na mabega na makochi, mstari utachubuka mapema.

Njia nyingine, tunayoipenda sana hapa, ni mkanda wa chini: rangi nzito ya mafuta mpaka mita moja hivi, nyepesi juu. Ina sababu yake: vumbi letu jeusi na mikono ya watoto havifiki juu, na rangi ya mafuta huoshwa. Ila usiukate ukuta katikati kamili, chumba kitaonekana kifupi. Mstari uupate kwa mpira wa maji, ule bomba jembamba lenye maji la kupimia usawa, usipime kutoka sakafuni, kwa maana sakafu nyingi zina mteremko.

Ili mstari uwe safi: paka rangi nyepesi kwanza ipite kidogo mpaka, ikauke, bandika skochi ya karatasi (utepe wa kunata wa mafundi rangi), kisha pitisha tena rangi nyepesi ileile juu ya ukingo wa skochi. Inaingia kwenye vijishimo vya plasta na kuviziba. Ikikauka ndipo upake nzito. Ng'oa skochi rangi ya mwisho ikiwa bado mbichi kidogo, ukiivuta nyuma kwa pembe kali.

Kiasi, na kuchanganya

Salo ile ilikuwa mita 4 kwa 5, kimo mita 2.7. Mzunguko ni mita 18, mara 2.7 ni mita za mraba 48.6. Toa mlango na madirisha mawili, kama 4.8, zinabaki karibu 44. Ukuta wa ziwa, wa mita 4, usio na dirisha, ni 10.8, kuta za jibini ni 33. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya plasta laini. Mikono miwili: ziwa lita 2.2, jibini lita 6.6. Plasta ikiwa ya kukwaruza, hesabu mita 7 kwa lita, na ziwa linafika lita 3.1, jibini 9.4. Njano na nyekundu zilizokolea hufunika vibaya, mara nyingi zinadai mkono wa tatu. Anza na mkono wa chini wenye rangi inayokaribiana nazo.

Kama unachanganya mwenyewe kwa nyeupe na vichupa vya kolorani, tumia sindano ya duka la dawa, ya mililita 5, bila ncha. "Kidogo kidogo mpaka ipendeze" hairudiwi. Nilianza na lita moja ya nyeupe, nikahesabu kila mililita ya chungwa na ya kahawia, nikaandika. Ulipopatikana mchanganyiko niliuzidisha kwa lita zote, ndani ya beseni moja kubwa, siku moja. Ukichanganya ndoo mbili kwa siku mbili, mpaka wake utauona ukutani, na kila mgeni atauona kabla yako.

Plasta mpya ya saruji ipe wiki nne kabla ya rangi. Ikiwa bado mbichi ina ukali unaochoma rangi, na buluu yako itatoka na mabaka meupe.

Neno moja la afya, nalisema kwa ukali. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa njano, chungwa na nyekundu zinazong'aa, bado hutengenezwa kwa risasi, ile metali, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba haina risasi. Ukuta wa zamani wenye rangi ya mafuta usiusugue kwa msasa mkavu. Ulowanishe kwanza, watoto na mama mjamzito wawe nje, na takataka zake usizifagie kuelekea jikoni.

Rangi zilipokauka nilijaza chupa mbili za jemu, moja ya ziwa na moja ya jibini, nikazifunga kwa plastiki chini ya kifuniko. Juu ya kila moja niliandika tarehe, ukuta, na idadi ya mililita za kila kolorani kwa lita. Mama aliziweka juu ya kabati. Miezi minne baadaye walihamisha kochi, likachubua ukuta wa papa, naye akaniita. Nilifika na brashi tu.